Ngozi Yangu na Usingizi wa Mke Wangu

Mwaka wa kwanza wa ndoa yangu niliamka kila siku kabla ya mke wangu ili nifagie kitanda. Nilikuwa na brashi ndogo ya nguo, niliyoachiwa na karani Mbelgiji aliyefunga masanduku na kurudi kwao wakati wa uhuru. Niliipitisha polepole upande wangu wa shuka, kutoka kwenye mto hadi miguuni, nikakusanya maganda meupe ya ngozi yangu kwenye kiganja, nikatoka nje na kuyapuliza kwenye migomba. Kisha nilirudi, nikajilaza, nikafumba macho na kumngoja aamke aniulize kama nimelala vizuri. Nilijibu ndiyo. Kila siku nilijibu ndiyo.

Naandika haya kwa sababu nimechoka kujibu ndiyo. Ukurasa huu nimeuanza mara nne na kuuchana mara nne, mara ya mwisho kwa sababu ya doa la wino lililokuwa dogo kuliko punje ya mtama. Sasa nimejikataza kuchana. Doa likitokea, litabaki.

Ugonjwa ulianza nyumbani kwetu Musienene, mwaka ule ule wa uhuru. Kwanza lilikuwa baka moja kwenye kiwiko cha kushoto, jekundu, na juu yake maganda yaliyotoka kama nta ya mshumaa ukiikwangua kwa kisu. Mama alisema ni baridi ya mlimani. Baada ya mwezi likaja baka la pili kwenye kiwiko cha kulia, mahali pale pale, la ukubwa ule ule, kana kwamba mtu alipima kwa rula. Halafu magoti yote mawili. Mimi ni mtu anayepanga hata vijiti vya kuwashia moto viwe vya urefu mmoja, na nakiri kwamba kwa muda ulinganifu ule nusura niuheshimu.

Muuguzi wa zahanati ya misheni alinitazama viwiko, akaandika neno moja nyuma ya karatasi yangu: psoriasis. Akaniambia kwa sauti ya mtu mwenye foleni ndefu mlangoni, "Haiambukizake mutu. Mais haiponake vilevile." Yaani haiambukizi mtu, lakini pia haiponi. Shule niliiacha darasa la tano baba alipofariki, na Kifaransa nilijifunza peke yangu katika kamusi isiyo na jalada. Nilikwenda moja kwa moja kwenye kamusi hiyo. Neno lilikuwamo, limepewa mstari mmoja na nusu. Niliusoma hadi nikaujua kama sala. Haukusema chochote kuhusu usingizi.

Hilo niligundua mwenyewe. Usiku wa Musienene ni wa baridi, huwezi kulala bila blanketi. Lakini mwili ukishapata joto chini ya blanketi, mwasho unaamka. Ukitupa blanketi, mwasho unatulia na baridi inakuamsha. Ukijifunika tena, mwasho unarudi, na safari hii mikono haikungoji uipe ruhusa. Nilikata kucha hadi nyama. Nilivaa soksi mikononi. Asubuhi nilikuta soksi sakafuni na damu kwenye magoti, wala sikukumbuka nilizivua saa ngapi. Baada ya siku chache, pale nilipojikuna palizaa baka jipya, na baka jipya likaja na mwasho wake.

Nilifungua daftari. Upande wa kushoto niliandika saa nilizolala, upande wa kulia hali ya ngozi. Nilitaka kujua kipi kinamwanza mwenzake. Niliamini kwamba nikipata jibu nitajua pa kukata mnyororo. Kurasa zilijaa na jibu halikuja. Usiku mbaya ulileta ngozi mbaya, ngozi mbaya ikaleta usiku mbaya, na katikati nilikuwa mimi, ninayeogopa vyote viwili kuanzia saa kumi na mbili jioni. Nafikiri hofu ile ilistahili mstari wake katika daftari, lakini sikuuweka. Niliona aibu kuandika kwamba naogopa kitanda.

Wazungu walipoondoka, ofisi ya serikali Beni ilitafuta watu wanaojua kupiga mashine ya kuandika. Nilikuwa nimejifundisha kwenye mashine mbovu ya parokia, nikapata kazi. Beni ni chini kuliko kwetu na kuna joto, nikajiambia angalau vita vya blanketi vimekwisha. Vilikwisha. Lakini sasa jasho lilikaa kwenye mabaka kama chumvi.

Nikiwa huko ndipo familia yangu ilipoongea na familia moja ya Kalunguta, watu wa maharagwe na kahawa, juu ya binti yao. Nilikuwa nimemwona mara mbili. Mara ya pili alinicheka kwa sababu nilipewa kiti, nikakipangusa, nikakisogeza kiwe sawa na ukuta, ndipo nikakaa. Nilimpenda kwa kicheko hicho.

Siku ya maongezi ya mwisho, shangazi yake aliniita pembeni, nyuma ya jiko. Ni kazi ya shangazi kuuliza yale ambayo baba hawezi kuuliza. Aliuliza kama nakunywa sana, kama nina mtoto mahali. Nikajibu. Kisha akasema, "Kijana, uko na bugonjwa moja yenye tunapaswa kujua mbele ya kukupa mutoto?"

Nilikuwa nimevaa shati la mikono mirefu. Nilimkumbuka muuguzi: haiambukizake mutu. Nikajiambia kwamba anauliza kuhusu ugonjwa unaoweza kumfikia binti yao, na wangu hauwezi. Nikajibu, "Hapana, mama." Akanipiga bega taratibu, akaridhika, akarudi kwa wenzake. Jibu lile nimeligeuza kichwani usiku mwingi kuliko jambo lolote nililowahi kusema.

Basi tukaoana, nami nikaanza kufagia kitanda. Nilikuwa nazima taa kabla sijavua shati. Nilijilaza ukingoni kabisa mwa kitanda, nikiwa nimebana mikono katikati ya mapaja, nikimsikiliza akipumua. Alikuwa na usingizi wa kushangaza. Aliweka kichwa tu, akaenda. Nilimwonea wivu, na pia nilipumzika kidogo kwa kumsikiliza, kama mtu mwenye njaa anayeridhika na harufu ya chungu cha jirani. Mwasho ulipozidi nilitoka nje nikajikuna ukutani, kwenye matofali, kama ng'ombe.

Kazini nilianza kukosea. Stensili, ile karatasi ya nta ya kutolea nakala, haisamehe: ukipiga herufi mbaya, unapaka rangi nyekundu ya kufutia, unangoja ikauke, unapiga tena, na doa linabaki kwenye nakala zote. Siku moja niliruka mstari mzima wa waraka bila kuona. Mkuu wa ofisi, aliyetumwa kwetu kutoka mkoa wa mbali, Mkristo mpole lakini mwenye ulimi, aliinua karatasi mbele ya wenzangu, akaniita mdogo kwa Kifaransa.

"Petit, bibi yako anakunyimaka busingizi? Muambie bureau pia iko na haki yake."

Wakacheka wote. Mimi pia nilicheka. Nilirudia waraka ule mara tatu, ingawa mara ya kwanza ilitosha.

Halafu zikaja habari za waasi. Sisi tuliopiga nyaraka tulizijua mapema kuliko majirani, na hatukuruhusiwa kusema. Askari waliongezeka, wakiongea Kilingala sokoni. Watu waliacha kulala. Asubuhi njiani kila uso ulikuwa na macho mekundu, na naona aibu kusema kwamba kwa mara ya kwanza tangu uhuru nilijiona mtu wa kawaida. Mtaa ukapanga zamu za kulinda usiku. Nilijitolea zamu yangu, kisha zamu ya jirani aliyekuwa na homa, kisha kila zamu. Wakanisifu. Mwenye zamu hata angejikuna hadi asubuhi, ni nani atakayeuliza kwa nini hakulala?

Sikujua mke wangu alikuwa akihesabu usiku ule kwa namna nyingine. Mwanamume mpya katika ndoa, kila jioni anaondoka nyumbani kwa furaha.

Sasa nafika kwenye kosa ambalo nadhani halingefanywa mahali pengine. Karibu na nyumba yetu palikuwa na shamba la mipapai, ambapo watu hawali matunda bali wanakamua utomvu. Alfajiri wanachanja papai bichi likiwa juu ya mti, maziwa meupe yanadondoka kwenye kitambaa kilichotandazwa, yanapelekwa kukaushwa, yanauzwa ng'ambo kwa ajili ya dawa. Sote tunajua utomvu huo unakula nyama. Mama zetu hufunga nyama ngumu kwa majani ya papai. Nilizoea kuwaona wakamuaji wakipita, na nilichotazama kila mara ni ncha za vidole vyao: nyororo, zinang'aa, mistari yote imeliwa.

Nyororo. Neno hilo lilinikaa kichwani. Nikafikiri kama mtu aliyejifundisha peke yake anavyofikiri, kwa mstari ulionyooka usio na mtu wa kuukatiza. Utomvu unakula ngozi iliyozidi. Mimi nina ngozi iliyozidi. Nikaomba kidogo katika kikopo, nikasema ni cha nyama. Nikapaka kwa unyoya wa kuku, viwiko, magoti, miundi, nikifuata mpaka wa kila baka kwa uangalifu mkubwa kuliko nilioweka kwenye stensili yoyote. Nikafunga kwa vitambaa safi. Nilijivunia kazi ile.

Kufikia jioni nilikuwa naungua. Nilipofungua, maganda yalikuwa yametoka kweli, na nyama ya chini ilikuwa mbichi, inachuruzika. Muuguzi aliniambia baadaye kwamba psoriasis hufuata jeraha: ukichuna ngozi ya mgonjwa wa namna hii, yenyewe huja kukaa pale. Lakini siku ile sikuwa na muuguzi. Siku ile waasi waliingia Beni.

Tulikimbilia kwenye shamba la kahawa la ndugu wa mama yangu, mwendo wa nusu siku, pamoja na watu wengine wengi. Tulipewa kona ya kibanda cha kukaushia kahawa, mkeka mmoja na blanketi moja. Hapakuwa na ukingo wa kujificha. Nilikuwa na homa, vitambaa vimegandana na miguu. Asubuhi ya kwanza nilifungua macho nikakuta jua limeingia kupitia nyufa za ukuta, na mke wangu amekaa, amepandisha suruali yangu hadi magotini, anatazama. Alitazama kwa muda mrefu. Alinivua shati pia, nami sikuwa na nguvu ya kumzuia.

Nilingoja alie, au aite watu. Akasema, "Donc njo hii? Miye niliwaza uko na mwanamuke mwingine."

Nilimwambia yote. Brashi, migomba, ukuta, zamu, shangazi yake nyuma ya jiko. Alisikiliza huku akilowanisha vitambaa kwa maji ili vibanduke. Kisha akasema tu, "Leta mikono." Akashika mikono yangu yote miwili kwa mikono yake, akaiweka kifuani pake, akalala kando yangu mchana ule. Nilipotaka kujikuna, alibana. Sikumbuki nililala saa ngapi, lakini nililala, na nilipoamka jua lilikuwa limehamia ukuta mwingine. Ulikuwa usingizi wa kwanza mzima kwa miaka minne.

Ningependa kumaliza hapa. Mtu mwingine angemalizia hapa.

Jeshi lilirudi, nasi tukarudi. Nyumba ilikuwa imeporwa lakini imesimama. Tukaendelea hivyo hivyo: kila jioni alisema, "Leta mikono," akaishika hadi asubuhi. Ngozi yangu ikaanza kupoa. Majeraha ya papai yalizaa mabaka kama muuguzi alivyosema, lakini yale ya zamani yalififia. Daftari langu, nililolikuta limetupwa uani, nilianza kulijaza tena, na kwa mara ya kwanza lilikuwa na usiku mzuri uliofuatana. Ofisini mkuu alisema mashine yangu imepona. Nilikuwa na furaha kiasi kwamba sikumtazama mwenzangu.

Nilikuwa na daftari la usingizi wangu. La usingizi wake sikuwa nalo. Mwanamke yule aliyeweka kichwa tu akaenda, sasa aliamka kila nilipotikisika, maana vidole vyangu vilikuwa ndani ya vidole vyake. Alikuwa na mimba ya miezi minne. Alianza kusinzia akiwa ameshika mwiko. Alisinzia kanisani akiwa amesimama. Jirani mmoja alimtania kwamba mtoto atazaliwa akipiga miayo, naye alicheka, kicheko kifupi, si kile cha kiti.

Siku moja nilirudi mchana nikamkuta chini kando ya kinu, sombe, majani yetu ya muhogo, imemwagika, mchi umelala juu ya mguu wake. Nilidhani amekufa. Alikuwa amelala. Alikuwa amelala huku akitwanga, akaanguka. Nilimwinua, akaniuliza, macho yakiwa hayajafunguka sawasawa, kama ni usiku, na akanyoosha mikono kutafuta yangu.

Pale ndipo nilipoelewa shangazi aliuliza nini, na mimi nilimjibu nini. Ngozi yangu haikumwambukiza. Kukosa usingizi kwangu kulimwambukiza, na nilikuwa nimempa kwa mikono yangu mwenyewe, kila jioni, nikimshukuru.

Mtoto hakudhurika. Nilianza kulala sakafuni. Alishuka akanifuata sakafuni. Nikafunga mikono kwa kamba, akaifungua. Tuligombana, kwa sauti ya chini kwa sababu ya majirani, kila mmoja akimwamuru mwenzake alale. Mwishowe mama yake alituma ujumbe kwamba binti aende Kalunguta hadi ajifungue. Mke wangu alikataa. Nilimwambia aende. Nilisema kwa ukali, kwa makusudi, maneno ambayo sitayaandika, ili aondoke na hasira badala ya huruma. Akaondoka na hasira.

Hiyo ni miezi miwili iliyopita. Ngozi imerudi yote, na imepanda kichwani. Sijapata saa tatu mfululizo za usingizi tangu siku ile. Wiki iliyopita nilivunjika. Niliandika kwenye karatasi maneno ya kumwomba arudi, nikayasahihisha, nikayapiga kwa mashine ili yasiwe na doa, nikaenda Kalunguta kwa baiskeli, kinga kama tunavyoiita kwetu.

Nilifika saa nane za mchana. Mama mkwe wangu alikuwa uani anachambua maharagwe kwenye ungo. Kwetu mwanamume hatazamani uso kwa uso na mama wa mke wake, hivyo aliposikia sauti yangu alijigeuza, akanipa mgongo, akaongea na maharagwe. Aliuliza habari za njia na za askari vizuizini. Nilijibu nikiangalia ukuta. Mlango wa chumba ulikuwa wazi, na nilipogeuza macho nilimwona.

Alikuwa amelala chali juu ya mkeka, mdomo wazi kidogo, tumbo limeinuka chini ya kitenge. Mikono yake miwili ilikuwa imetupwa pande zote, viganja wazi, haijashika kitu. Nilikuwa nimesahau jinsi anavyolala.

"Usimulamushe," alisema mama yake. "Hii ni saa yake."

Nilikaa kwenye kigoda. Jasho la njia lilikuwa limeingia kwenye mabaka, na mwasho ulinipanda kuanzia miguuni hadi nyuma ya masikio. Nilikalia mikono yangu. Sikutaka mama mkwe asikie sauti ya kucha.

Baada ya muda alisema, bado amenipa mgongo, "Kila asubui ananiuliza: nani sasa anamushika mikono?"

Nikasema, "Mama, mumwambie minalalaka muzuri."

"Mukwe, kinga yako imeanguka mara mbili tangu ufike. Mutu mwenye kulala hapana angusha kinga mara mbili." Aliendelea kutupa kokoto, moja moja. Kisha, kwa sauti ya chini, "Unakuja kumubeba?"

Karatasi ilikuwa mfukoni. Ilikuwa na maneno mazuri, hakuna herufi iliyorukwa. Nilijua pia kwamba nikimwamsha sasa na kumsomea, atafunga mzigo wake bila kusikia hadi mwisho, na kwamba jioni hiyo hiyo atasema leta mikono, na kwamba mimi nitaileta. Nilitazama viganja vile vilivyo wazi.

"Hapana, mama," nikasema. Maneno yale yale niliyomwambia shangazi. "Na tafadhali, musimuambie kama nilikuja. Atataka kurudi."

Mkono wake ulisimama juu ya ungo. Nadhani alitaka kugeuka, lakini heshima ni heshima, na hakugeuka. Alisema, "Kwenda muzuri, mwanangu," na hakuwahi kuniita hivyo kabla.

Nilisukuma baiskeli kimya hadi nilipopita nyumba ya mwisho. Kwenye mteremko wa kwanza, mahali ambapo hakuna mtu, niliilaza chini, nikapandisha mikono ya shati na suruali, nikajikuna. Nilijikuna hadi damu, bila kuhesabu, bila daftari, nikilia kwa sauti kama mtoto. Kisha nilijipangusa kwa ile karatasi, nikafunga vifungo vyote, nikapanda baiskeli kuwahi Beni kabla vizuizi havijafungwa, ambako kitanda kilikuwa kimetandikwa sawasawa, na upande wa mke wangu hauna hata ganda moja.